Bado Niko A

Nafasi ya mkuu wa stoo ilipotangazwa, mimi mtunza stoo niliona ni yangu. Usaili ungekuwa kwa Kiingereza, nikaamua kujifunza maneno mazito. Mwingine angechagua ya kazi yake. Mimi sipendi kuruka vitu, kwa hiyo nilianza kamusi ukurasa wa kwanza.

Mke wangu alinikuta nanyoa ndevu huku nakariri.

"Baba watoto, umefika wapi?"

"Bado niko A."

"Na usaili ni kesho?"

"Msingi kwanza, mama watoto."

"Haya. Waombe basi wakuulize mambo ya A tu."

Kesho yake waliniuliza ningezuiaje wizi stoo. Neno la wizi nililijua tangu shuleni, ila niliona halina hadhi ya mkuu. Nikatafuta zito zaidi. Kwenye A nilikuwa na neno la mfalme kuachia kiti na la mtu anayejinyima anasa. Niliendelea kutafuta mpaka wakanipa maji.

Kazi aliipata mwenzangu, ambaye nilizoea kumcheka kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Jana aliniuliza kama bado najifunza.

"Naendelea, mkuu," nikamjibu. "Nimeingia B."