Mlio wa Kisu cha Danford

Ombeni, mhunzi wa Hasamba, Mbozi, aliamka asubuhi ile ya mwezi wa Juni akiwa na hofu ambayo hakuwa ameieleza kwa mtu yeyote, hata kwa Marta, mke wake wa miaka thelathini na minane. Juu ya meza ya sebuleni kililala kisu kikubwa, kimefungwa katika gunia la kahawa. Alikuwa amekifua mwenyewe kutokana na springi ya lori iliyotoka Tunduma, na siku hiyo alipaswa kukijaribu porini mbele ya mtu aliyekiagiza. Hakujua kama kisu kile kilikuwa kizima au kilikuwa na ufa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuwa na njia ya kujua.

Mhunzi hujua kwa sikio. Chuma chekundu kinapotumbukizwa katika oili ili kiwe kigumu, huweza kupasuka ndani kwa ndani, na kinapopasuka hutoa mlio mdogo, kama punje moja ya mahindi katika kikaango. Ufa wenyewe huwa mwembamba kuliko unywele, na jicho halioni kitu. Kwa hiyo mhunzi akitumbukiza chuma hunyamaza na kuzuia pumzi. Asiposikia kitu, hushukuru. Baadaye, kisu kikishapoa, hukining'iniza kwa uzi na kukigonga kwa nyundo ndogo. Kilicho kizima hulia kwa muda mrefu, kama kengele iliyo mbali. Chenye ufa hulia mara moja na kunyamaza, kama chungu kibovu.

Ombeni alikuwa ameshukuru kwa namna hiyo kwa miaka arobaini. Lakini tangu Krismasi iliyopita alianza kutilia shaka shukrani zake. Kwanza aliacha kuwasikia ndege wa alfajiri, akadhani wamehama kwa sababu jirani alikata miti ya migrivea iliyotoa kivuli shambani mwake. Kisha, kanisani, aliwaona kina mama wa kwaya wakifungua vinywa katika sehemu za juu za wimbo, na hakuna kilichomfikia. Sauti nzito za wanaume alizisikia bado, na mtu akizungumza naye ana kwa ana hakugundua lolote. Iliyomtoka ni milio myembamba peke yake. Mlio wa chuma ni mwembamba.

Hakusema. Sababu ya kutosema kwake ilikuwa na jina, na jina hilo ni Timotheo. Miaka ishirini iliyopita, kaka yake Ombeni, ambaye sasa ni marehemu, alifua kisu siku ya harusi, akaharakishwa, asikigonge. Timotheo alikipeleka kupasulia kuni. Kipande kilichovunjika kilimchukua jicho la kushoto. Hakushtaki wala hakudai kitu. Hadi leo akikutana na Ombeni njiani humsalimia kwa upole na kumuuliza habari za nyumbani. Upole huo ndio uliomtisha Ombeni kuliko matusi. Kila alipofua kisu aliliona jicho lile lililofumbwa, na tangu sikio lianze kumwacha alikuwa akiliona hata usingizini, na alijua kwamba akikiri kuwa hasikii, kila mtu atalikumbuka.

Safari hii aliyeagiza kisu hakuwa mtu baki. Alikuwa Danford, mume wa binti yake Rozi, mfuga nyuki wa huko bondeni Momba, kwenye joto. Mizinga yake iko juu ya miti mirefu, mingine mita kumi na zaidi, na akifika mahali ambapo kamba haishiki, hupigilia kisu katika shina na kukikanyaga kama ngazi. Ndiyo maana aliomba bapa refu kama kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, nene, na chuma kipite moja kwa moja hadi mwisho wa mpini. Kisu kikivunjika huko juu, Rozi ni mjane.

Danford alikuwa amefika jana yake jioni. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyelelewa kumheshimu baba mkwe kwa namna ya zamani. Alisema naye akitazama chini, hakumpinga kwa neno lolote, na hakumgusa ila kwa salamu ya mikono miwili. Majirani walimsifu. Mzazi gani asingependa mkwe kama huyo?

Baada ya chai Ombeni alikifungua kisu, akakining'iniza uani kwa uzi, akakigonga mara tatu. Yeye alisikia kishindo cha nyundo tu, kana kwamba amegonga chuma kilichofunikwa blanketi. Akageuka upesi kumtazama Danford usoni, maana katika uso wa kijana angeweza kusoma alichokikosa sikioni. Lakini Danford alikuwa ametazama chini, kama kawaida yake. Ombeni aliona utosi wa kofia yake ya sufu, basi.

Danford alikuwa amesikia. Kabla ya kumwoa Rozi alikaa msimu mzima akivukuta moto katika kiwanda cha mzee, na mlio wa kisu kizima aliujua. Kisu hiki kililia mara moja na kunyamaza. Alingoja baba mkwe aseme neno, mzee hakusema. Danford akajiambia kwamba fundi wa miaka arobaini hawezi kukosea, kwamba labda uzi ulikuwa umegusa mpini. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

Marta aliuona mtetemo huo. Akamletea koti la mumewe, akasema watu wa Momba wakipanda Mbozi mwezi wa Juni hugeuka vifaranga walionyeshewa mvua, na kwamba Rozi alipaswa kumfunga mgongoni kabla ya kumruhusu asafiri. Danford alicheka kidogo, akavaa koti, akashukuru kwamba kulikuwa na baridi ya kusingizia.

Wakateremka hadi kibonde kilicho chini ya kijiji, kwenye miti ya misuku iliyobaki. Umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi. Njiani Ombeni alizungumza kuliko desturi yake, akaeleza mara mbili jinsi chuma kinavyokuwa kikaidi wakati wa baridi, na kwamba kisu kinachovumilia asubuhi ya Juni kitavumilia popote. Ilikuwa kweli. Alisema pia ili asisikie moyo wake.

Alikuwa ameamua hivi: kwa kuwa sikio halimwambii, kazi ngumu itamwambia. Alianza na gogo kavu la mkaratusi. Alikata kwa nguvu zote, akigeuza uso pembeni kila kisu kiliposhuka, na vipande vya mti viliruka hadi kwenye nyasi. Makali hayakupinda. Akaweka kisu juu ya gogo lililosimama, akakigonga mgongoni kwa rungu, na gogo likapasuka katikati. Akalirudia jambo hilo mara sita. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Kila pigo alilitarajia kuwa la mwisho, na kila mara kisu kilitoka kizima, kimetulia, kinang'aa.

Danford alisimama hatua kumi nyuma, mahali alipoagizwa kusimama, akihesabu mapigo. Lilipofika la sita alitamani kuamini kwamba masikio yake yalimdanganya. Hata hivyo alijua kwamba ufa hauna haraka. Springi za lori huvunjika baada ya kupita mashimo elfu moja, katika shimo ambalo si kubwa kuliko mengine.

Ombeni akachagua msuku uliosimama ukingoni, penye mteremko. Akapigilia kisu katika shina, usawa wa kifua, mpaka kikazama theluthi moja. Kisha akavua viatu.

Danford aliuliza kwa sauti ndogo, huku akitazama viatu vile, kama si yeye anayepaswa kupanda, maana kisu ni chake.

"Mhunzi hupanda kwanza," Ombeni alisema. "Baba yangu alifanya hivyo. Hakumpa mtu kisu cha kukanyaga kabla hajakikanyaga mwenyewe."

Chini ya mti kulikuwa na visiki vilivyokatwa kwa mshazari, vimechongoka kama mikuki. Ombeni alishika tawi, akapandisha mguu wa kulia, akauweka juu ya bapa. Alihisi baridi ya chuma katika unyayo. Baadaye alikiri kwamba hapo alitaka kushuka, na kwamba kilichomzuia ni aibu ya mzee mbele ya mkwe wake. Akaanza kuuhamishia mguu ule uzito wake.

Ndipo Danford alipofanya jambo ambalo mkwe hafanyi. Alikimbia, akamkumbatia baba mkwe kiunoni kwa mikono miwili, akamvuta. Wakaanguka wote chali kwenye nyasi zenye umande, kofia ya mzee ikabiringika mteremkoni. Kisu kilibaki kwenye mti, kizima.

Ombeni aliinuka kwa shida. "Umenishika," alisema. "Kisu kimefaulu, nawe umenishika."

"Kisu kimepasuka, Baba."

"Nani amekwambia?"

"Kililia vibaya. Kule uani, kabla hatujatoka." Danford alikuwa amepiga magoti, na safari hii alikuwa akimtazama machoni. "Nilidhani umesikia. Nikadhani una sababu yako. Ningekwambiaje mimi?"

Ombeni angeweza kusema kwamba alisikia, kwamba alikuwa akimpima. Jibu hilo lilimjia tayari, limenyooka, na kijana angelipokea bila swali. Alilishika mdomoni kwa muda. Kisha akatazama visiki vilivyokuwa chini ya mti.

"Mimi sikusikia," alisema. "Sisikii, mwanangu. Tangu Krismasi sisikii chuma."

Danford ndiye aliyeinuka kwanza, akaifuata kofia, akaikung'uta na kumrudishia. Wakatafuta ufito mrefu wa mkaratusi, wakaushika pamoja wakiwa mbali, wakaupiga mpini wa kisu kwa juu kama watu wanaoangua embe. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili halikufanya kitu. La tatu, ambalo halikuwa kali kuliko mengine, kisu kilikatika, na mpini pamoja na nusu ya bapa ukaruka ukajichoma ardhini kando ya mguu wa Danford, karibu kiasi cha kumchana suruali.

Ombeni alikiokota kipande, akakigeuza kwenye jua. Mahali palipovunjika sasa hivi palikuwa peupe, penye chembechembe kama chumvi. Lakini ukingoni kulikuwa na mstari mweusi, ulioingia ndani kiasi cha ukucha wa mtoto. Weusi ule ni wa oili iliyoungua. Ufa ulikuwemo tangu siku ya oili. Punje ya mahindi ilikuwa imelia, na yeye alikuwa ameshukuru.

Aliketi juu ya gogo. Danford alidhani anawaza jinsi alivyoponea, akaanza kumfariji kwamba Mungu amewatendea. Mzee alitikisa kichwa. "Nimeviuza vinne," alisema. "Tangu Krismasi. Vinne vingine."

Kuanzia kesho yake walivifuata. Cha kwanza kilikuwa hapohapo Hasamba. Danford alikigonga, kikalia vizuri. Cha pili walikifuata Itumba, wakapanda na kushuka milima ya Ileje kwa basi dogo, wakakikuta kwa mwanamke aitwaye Atuganile, aliyekuwa akipasulia kuni nacho huku mjukuu ameketi pembeni. Kililia mara moja na kunyamaza. Ombeni alimwomba ampe, akamwachia shoka lake mwenyewe, na mama yule hakuelewa kwa nini mzee mgeni anamsogeza mjukuu wake mbali na kuni kwa haraka hivyo. Cha tatu kilikuwa kizima.

Cha nne kilinunuliwa na utingo wa lori, Clement, aliyesema anaelekea Zambia. Walikaa Tunduma siku mbili, wakauliza kwenye foleni ya malori, kwa mawakala wa forodha, kwa wabadilisha fedha na waendesha bodaboda, wakavuka hadi Nakonde. Wapo kina Clement wengi, na hakuna aliyekuwa yeye. Waliacha namba ya simu kila mahali.

Ombeni anafua bado. Danford alipata kisu kingine mwezi wa Agosti, naye ndiye aliyekigonga, akiwa ameagizwa amtazame mzee machoni kila anapogonga. Siku nyingine Marta huitwa kutoka jikoni, husikiliza akiwa na mwiko mkononi, na neno lake ndilo la mwisho. Wanunuzi wote wameambiwa sababu, na wengi wamerudi.

Simu, ambayo namba yake ilibaki Tunduma na Nakonde, anaiweka katika mfuko wa shati, juu ya kifua, mahali ambapo anaweza kuihisi ikitikisika. Inapotikisika huweka nyundo chini na kufuta mikono, na huwa haipokei mara moja.