Maua ya marehemu mama yangu yamepewa mama mwingine

Admini, jina langu naomba ulifiche, maana huku Lufingo tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mjane wa miaka arobaini na sita, nimepanga karibu na kanisa, mabinti zangu wameshaolewa. Mnaweza kuona ninachokileta ni kidogo, maua tu. Nisomeni hadi mwisho ndipo mnicheke.

Mama yangu mzazi alipenda maua ya porini. Akipanda mlimani kutafuta kuni hakurudi na kuni peke yake. Alipofariki, kaka zangu wakafyeka bustani yake yote wapande parachichi. Nikawahi kuchimba mizizi minene kama vitunguu ya yale maua mekundu ya duara, yanayochanua mvua za kwanza zikianza. Shamba sina, kwa hiyo nikaomba kuyapanda kwenye uwanja wa kanisa, kando ya ngazi. Nimeyalea kwa miaka. Napalilia, naweka samadi, nafukuza mbuzi. Nikiwa pale huwa naongea na mama, wala sioni haya kusema.

Shoga yangu, nimwite Mama Neema, tunaimba naye kwaya, ndiye pekee aliyekuwa akija kunisaidia. Nilimfundisha kila kitu. Maua haya kiangazi hukauka majani yote, udongo ukabaki mtupu, asiyejua anadhani hakuna kitu. Kumbe yamelala tu chini.

Kiangazi kilichopita binti yangu alijifungua Mbeya, nikaenda kumlea. Nikamwambia Mama Neema, "Nakuachia bustani, wasije wakapalima." Akanijibu, "Nenda kalee mjukuu, dada. Hapa mimi nipo."

Niliporudi nikakuta pametandazwa matofali ya pevingi, watu wanaegesha magari. Nikaenda kuuliza. Mzee wa kanisa akaniambia kwa upole, "Pole, mama. Sisi tuliona udongo mtupu, tukamwuliza mwenzako. Akasema yalishakufa siku nyingi, tuendelee tu." Nililia sana, lakini bado nilimtetea moyoni. Nikasema labda alisahau nilichomfundisha.

Mvua za kwanza zikaanza. Nikaenda kwake kumpelekea ndizi, nikakuta njia yote ya kuingilia kwake imewaka nyekundu. Akatoka, akaona macho yangu yalipo.

"Mama Neema, haya umeyatoa wapi?"

"Nisingeyachimba yangefunikwa, dada. Ungependa hivyo?"

"Na wazee walipokuuliza, mbona hukuwaambia yako hai?"

Akachukua ufagio akaanza kufagia mahali pasipo na uchafu. Nilielewa hapo hapo. Alitaka pafunikwe ili nisitafute.

Kinachoniuma ni kwamba kwetu mwanamke akiomba mche wa ua hanyimwi. Na ua hubeba jina la aliyekupa. Utasikia mtu anasema, "Haya ni ya mama fulani," hata kama mwenyewe alishazikwa zamani. Angeniomba ningempa nusu, tena kwa furaha. Ila angelazimika kusema ni ya mama yangu, na nadhani hilo ndilo hakulitaka.

Jumapili iliyopita ndipo niliposhindwa kabisa. Mchungaji alitangaza kuwa Mama Neema amejitolea kutengeneza bustani mpya mbele ya kanisa, kwa maua aliyoachiwa na marehemu mama yake. Mama yake yeye. Watu wakapiga vigelegele, na mimi niliyekaa naye benchi moja nikajikuta napiga makofi. Akaniinamia sikioni akasema, "Utanisaidia kupanda, eti dada? Wewe ndiye unayajua."

Upandaji ni Jumamosi hii. Nikisema, nitaonekana mgomvi anayegombania maua kwenye nyumba ya Mungu, na wa kushuhudia kuwa yalitoka kwa mama yangu sina; kanisani walijua nayalea tu, na wanaamini yangu yalishakufa, kaka zangu hata hawakumbuki mama alipanda nini. Nikikataa kwenda, wataniita mwenye wivu. Nikienda nikanyamaza, nitashika jembe mwenyewe nimfute mama yangu duniani. Nimechoka, chakula hakipiti. Ninyi mlio nje ya jambo hili, hasa wanawake wenzangu, nawaomba mnisaidie mawazo: Jumamosi niende, na nikifika niseme nini mbele ya watu wote wale?