Baba Alipoufunika Mwezi

Shemeji yangu hupima joto la mwezi. Siku aliyokuja kumposa dada, Baba alimuuliza anafanya kazi gani, naye akajibu hivyo hivyo bila kupepesa macho.

"Joto la mwezi gani?" akauliza Baba. "Huu au uliopita?"

"Mwezi wa angani, mzee."

Baba ni fundi friji. Kwake joto ni kitu cha kushika kwa mkono, na anayepima asichokigusa ni tapeli aliyepiga pasi shati. Akasema hatoi binti mpaka ajionee. Dada akanuna. Tangu mama afariki alikuwa akisema Baba ni barafu tupu, wala hakuwa akinong'ona.

Basi alasiri moja mimi na Baba tukapanda paa la chuo anakofanya kazi shemeji. Mwezi ulikuwa umejianika mweupe juu ya matangi ya maji. Shemeji akauelekezea dishi, akaeleza kwamba kila chenye joto hutoa mawimbi, na haya ya maikrowevu hayatoki juu juu tu. Mengine hutoka chini ya vumbi la mwezi, jua lisipomulika. Hivyo anajua ndani kukoje bila kwenda.

"Porojo," akasema Baba, akaenda kuchungulia ndani ya dishi, anatafuta kipimajoto. Namba kwenye skrini zikaruka.

"Mzee, umeufunika mwezi. Hilo sasa ni joto lako."

Baba akasogea, zikashuka. Akarudi, zikapanda. Akavua koti, akalivaa, akageuza mgongo, akajaribu ubavu. Mwezi ukazidi kuteremka na kazi ya shemeji ikawa inakwenda na maji, lakini anayetaka mke hamfukuzi baba mkwe.

"Kwa hiyo mimi nauzidi mwezi?"

"Kwa mbali, mzee."

"Na hili ni la ngozi tu?"

"Hapana. Na la ndani pia."

Baba akanigeukia. "Mwite dada yako."

Dada alikuwa langoni, amegoma kupanda. Alipofika juu alimkuta Baba amesimama mbele ya dishi, mikono kaitanua, kama mtu anayepimwa suti.

"Baba, toka hapo. Unamharibia mwenzio kazi."

"Soma kwanza joto langu."

Akaisoma namba. Akamtazama Baba, akaisoma tena kwa sauti, taratibu, machozi yanamtiririka.

"Ni jingi, Baba."

"Basi nendeni mkaoane," akasema, na hakutoka pale.