Siku Tuliyokwenda Kuangalia Friza Bunda

Jiko letu pale Mukendo, mjini Musoma, lilikuwa dogo kiasi kwamba watu wawili wakiingia, mmoja lazima asimame mlangoni. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili na hilo jiko, na mimi nilikuwa nashona nguo barazani. Wifi yangu anayeishi Kiriba alikuwa akitutumia samaki kila alipopata mtu anayekuja mjini: sato, vipande vya sangara, siku nyingine ndoo nzima ya furu. Lakini samaki hawangoji. Nilikaanga, nikagawia majirani, na bado wengine wakaniharibikia. Siku nilipomwaga jalalani sato ambao jana yake walikuwa wazuri kabisa, mume wangu alisema, "Sasa tutafute friza."

Nilichukua futi yangu ya kushonea nikapima pembe iliyobaki kati ya meza ya jiko la gesi na ukuta. Nikapima tena mlango ukiwa wazi, maana mlango wetu unafungukia ndani. Madukani mjini tuliona za kusimama na za kulala. Ya kusimama ingeingia kwenye ile pembe, ila mlango wake ungegonga mtungi wa gesi kila ukifunguliwa. Ya kulala, inayofunguka juu, ndiyo ilitufaa, lakini ya kimo chetu hatukuiona. Zote zilikuwa za kuwekea ng'ombe mzima. Mteja wangu mmoja ndiye aliyeniambia kuna mama Bunda anauza ya kwake, ndogo, aliyokuwa akigandishia barafu za kuwauzia wanafunzi. Akanipa namba.

Yule mama alikuwa na sauti ya upole. Alinitumia picha, akanitajia vipimo, na vipimo vikaingia kwenye pembe yangu bila kubana.

"Njooni Jumamosi asubuhi," alisema. "Mzee wangu atakuwepo, atawasaidia kubeba."

Jumamosi mume wangu akaazima kirikuu cha rafiki yake, kile kigari kidogo cha mizigo, tukaondoka. Tulipofika njia panda ya kwenda Butiama nilimpigia simu Baba. Hakupokea. Sikushangaa. Tangu mama afariki Baba alikuwa akiishi peke yake Butiama, na kila mwezi alikwenda Bunda kliniki ya macho, akilala kwa rafiki yake wa zamani, na wiki ile alikuwa huko. Sisi watoto tulikuwa tukimchangia nauli kwa moyo mweupe. Nikamwambia mume wangu, "Tukimaliza shughuli, tumtafute Baba tumrudishe nyumbani na gari."

"Mzee atafurahi," alisema.

Nyumba ya yule mama ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Alitupokea mlangoni, mwanamke mnene kidogo, mkubwa kwangu lakini mdogo kwa mama yangu kama angekuwa hai. Hakunijua, nami sikumjua. "Piteni jikoni," alisema. "Mzee anaifutafuta, msije mkasema nawauzia uchafu."

Niliingia kwanza mimi. Mwanamume mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya friza, amevaa singlendi, kiunoni amejifunga kanga, anasugua chini ya friza kwa tambara na sabuni ya unga. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo.

"Hapa chini kuna kutu kidogo," alisema bila kugeuka, "lakini mpira wa mfuniko ni mzima. Karibuni."

Sauti ile ningeitambua hata usingizini. Na kwa kuwa nimelelewa hivyo, mdomo ukasema wenyewe:

"Shikamoo, Baba."

Tambara lilimdondoka. Aligeuka polepole, bado amepiga magoti, povu la sabuni likimchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Mama," alisema. Huniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Mama, umefikaje huku?"

Nyuma yangu mume wangu alichungulia, akamwona baba mkwe wake kwenye singlendi na kanga. Kwetu mkwe haonwi hivyo. Aligeuka haraka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akatoka hadi uani, akasimama akiutazama ukuta wa mashine ya kusaga. Hakurudi tena ndani.

"Mzee, huyu ni nani?" yule mama aliuliza.

"Binti yangu."

"Yule wa Musoma? Yule fundi wa nguo?" Alishika mdomo, akatafuta pa kukaa, akakalia ndoo iliyofunikwa. Kumbe mimi nilikuwa najulikana katika nyumba ile, ila nyumba ile mimi sikuijua.

Nikisema nilishtuka kwa sababu Baba ana mwanamke nitakuwa nadanganya. Lililonigandisha ni lile tambara. Sikuwahi kumwona baba yangu akiingia jikoni. Nyumbani Butiama maji yakimwishia aligonga kikombe mezani, na mama aliinuka popote alipokuwa. Hata mama alipougua, mpaka hawezi kusimama, Baba alikaa nje kwenye kiti chake akingoja mimi nimpelekee sahani. Leo alikuwa magotini kwenye jiko la mtu, anasugua kutu.

Alinawa, akavaa shati, tukakaa sebuleni.

"Nilikuwa nakuja kuwaambia," Baba alisema.

"Lini?"

"Mwezi huu. Mama yenu mdogo anahamia Butiama. Ndiyo maana unaona anauza vitu."

Yule mama, nadhani kwa kutaka kupooza mambo, akadakia, "Mzee aliniambia kule friji ipo, kubwa, na inafanya kazi vizuri. Nikaona hii ya nini tena."

Friji ipo. Friji hiyo tulichangishana sisi watoto tukamnunulia mama, ili dawa yake ya sindano ya sukari isiharibike na joto. Mpaka siku anafariki, chupa mbili zilikuwa bado zimo mlangoni. Mimi ndiye niliyezitoa.

"Friji ile ni ya mama yangu," nilisema. Nilisikia sauti yangu imepanda, majirani lazima walisikia.

Yule mama alimgeukia Baba. "Hukuniambia ni ya marehemu."

Baba alitazama mikono yake. Nikainuka nikatoka. Friza sikuifungua wala sikuijaribu.

Kwenye gari hatukuongea mpaka Kiabakari, ambako mume wangu alisimama kununua maji. Nikampigia dada yangu mkubwa.

"Dada, Baba ameoa."

"Umejuaje?"

"Nimejuaje? Dada, wewe ulikuwa unajua?"

"Tunajua wote, mdogo wangu, tangu mwaka jana. Tuliogopa kukuambia wewe. Wewe ndiye uliyemuuguza mama."

Nilikata simu. Siku ile nilipigwa mara tatu, lile tambara, ile friji na sasa hili, na pigo hilo la tatu ndilo lililonitoa pumzi. Mume wangu aliporudi na chupa za maji nilimkazia macho. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Haki ya Mungu, nilikuwaga sijui chochote. Nimeona leo. Na nilichokiona naomba nikisahau."

Nilicheka. Nilicheka mpaka wauza machungwa wakageuka kututazama, halafu kicheko kikageuka kilio, nikalia mpaka tukaingia Musoma.

Karibu mwezi mmoja ulipita bila mimi kupokea simu ya Baba. Kisha mchana mmoja, nikiwa kwenye cherehani, gari la mizigo likasimama mbele ya nyumba. Baba alishuka, na yule mama akashuka nyuma yake. Nyuma ya gari kulikuwa na friza, imefunikwa blanketi.

Nikasema karibuni. Baba na dereva waliiingiza jikoni. Iliingia kwenye ile pembe, na nafasi ya kupitisha ufagio ikabaki. Nilimlipa yule mama bei tuliyokuwa tumekubaliana kwenye simu, naye hakubisha.

"Usiiwashe sasa hivi," aliniambia. "Imetikiswa njiani, iache itulie mpaka jioni." Kisha akasema, "Friji ya mama yako nimeikuta. Nimeifuta, nimeiacha imezimwa na mlango nimeuacha wazi kidogo isishike harufu. Siiwashi mpaka wewe useme. Maji ya baridi tunapata kwenye mtungi."

"Asante," nilisema.

Nilipokwenda jikoni nilimkuta Baba anafagia vumbi waliloingiza na viatu. Nilimtazama akifagia, mzee wa watu, mgongo umepinda, anakusanya takataka vizuri kuelekea mlangoni. Swali likanitoka kabla sijalipima.

"Baba, mbona mama hukuwahi kumfanyia hivi?"

Alisimama na ufagio mkononi. "Mama yako alikuwa hakubali mwanamume aguse jiko lake," alianza. Halafu akatikisa kichwa. "Hapana. Sikuwahi kujaribu, ndiyo ukweli wake. Alipoondoka nilishinda na njaa na jiko liko pale pale, sijui hata chumvi inakaaga wapi. Huyu ndiye aliyenifundisha. Alisema mzee, mimi nimechoka kupikia watu, njoo ushike kisu."

Nilitaka kumkasirikia, na kwa kiasi fulani nilimkasirikia, maana yote hayo mama angeyapenda. Nilichukua kizoleo nikainama, yeye akasukumia takataka ndani yake.

Wifi alituma samaki wiki iliyofuata, nikawasafisha, nikawafunga mafungu, nikawapanga. Friza ilifanya kazi yake kimya kabisa. Msimu wa joto ulipoanza kubana nilikuwa nashona, nikakumbuka ule mtungi wa maji kule Butiama, nikachukua simu kabla sijabadili mawazo.

"Mama mdogo," nilisema, na neno lenyewe lilinishtua mimi mwenyewe. "Ile friji iwasheni. Ikikaa muda mrefu bila umeme itaharibika."

Nilisikia kuku nyuma yake, na sufuria ikiwekwa chini.

"Haya, mwanangu," alisema. "Ngoja nimwite baba yako aje aivute, waya wa umeme umebanwa nyuma."