Mto wa Blanketi

Enzi zetu kule Litapunga, chanuo lilikuwa moja kwa nyumba nzima. Lilianza kwa baba, likapita kwa mama, likamalizia kwenye vichwa vyetu sisi watoto, na likikatika jino tulisingiziana wiki nzima. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanakunja pua. Basi ngoja niwamalizie kabisa: chanuo letu lilipita na kwa mbwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Blanketi. Baba alikuwa kibarua wa mzungu mmoja aliyekuja kutengeneza barabara, na mzungu alipoondoka akamwachia mbwa badala ya baiskeli tuliyokuwa tunaiombea. Alikuwa mkubwa, mweupe wa rangi ya uji, manyoya yamemjaa hadi macho huyaoni. Agizo lilikuwa moja tu: asinyolewe, achanwe, maana manyoya hayohayo ndiyo yanayomkinga na jua. Kaka yangu Deo hakuamini. Akachukua mkasi wa mama akamnyoa kiraka mgongoni, kiraka kikababuka na jua, ikabidi tukipake mawese kwa siri. Wiki mbili tulikuwa na mbwa mwenye doa jekundu, na hakuna aliyejua kwa nini.

Kila kiangazi kilipokolea, ile miezi ya joto kabla ya mvua, Blanketi alinyonyoka. Manyoya ya ndani, yale laini, yalimtoka kwa mafungu. Yaliingia kwenye mtungi wa maji, kwenye dagaa walioanikwa, kwenye daftari la Deo la hesabu, ambako angalau yalijaza nafasi. Siku moja baba alivuta unyoya kutoka kwenye tonge la ugali, akavuta, akavuta, sote tukitazama utaishia wapi. Mama akaweka mwiko chini.

"Nyie wawili, nisikilizeni. Nikikuta unyoya mwingine kwenye chakula changu, hata mmoja, huyu anakwenda Mishamo kwa mjomba wenu akafukuze nyani shambani."

Mbwa wa mjomba hawakuwa wanazeeka. Nyani walihakikisha hilo. Nililia mpaka nikapata kwikwi, maana nilikuwa na miaka tisa na nilimpenda Blanketi kuliko nilivyompenda Deo, na Deo mwenyewe analijua hilo mpaka leo.

Tukaanza kazi. Kwanza tulimpeleka mtoni tukamsugua kwa sabuni ya mche, na manyoya yaliyokuwa yamekufa yakashikana kama mkeka. Tukajifunza kwa shida: anachanwa kwanza akiwa mkavu, kidogokidogo, kufuata manyoya yalikolala, na nyuma ya mapaja ndiko kwenye hazina. Kuoga baadaye. Kila asubuhi kabla ya shule tulikuwa naye nyuma ya banda la tumbaku, Deo ameshika kichwa, mimi nimeshika chanuo la mama. Tulilisafisha kwa majivu, naapa. Lakini Jumapili Blanketi alimfuata mama njia nzima ya kanisani, anarukaruka kunusa kilemba chake, na mama akawa anajiuliza mbwa huyu amepatwa na nini.

Shida ikabaki manyoya yenyewe. Tukiyatupa, upepo unayarudisha ndani. Tukiyachoma, harufu inatangazia kijiji kizima. Tukawa tunayashindilia kwenye kiroba chini ya kitanda.

Halafu zamu ya kupokea sala ya jumuiya ikafika kwetu. Wakatoliki wenzangu mnajua: nyumba inayopokea sala inafagiliwa mpaka darini. Mama akashona foronya mpya ya mto wa kiti cha mgeni wa heshima, akatutuma bondeni kwenye msufi tukaokote sufi ya kujazia. Jua lilikuwa linapasua kichwa. Tulifika nusu ya njia, tukaangaliana, tukarudi kwenye kiroba.

Mama aliuminya ule mto, akatabasamu. "Leo mmefanya kazi, wanangu." Hilo tabasamu lilituchoma kuliko fimbo.

Jumamosi asubuhi akakalia mto mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Pankrasi, mtu mnene mwenye kiuno kibovu. Tulikuwa tumemfunga Blanketi nyuma ya nyumba. Wakati wa maombi tukamsikia akikata kamba, kisha huyo hapo mlangoni. Akapita katikati ya waumini moja kwa moja, akasukuma pua chini ya Mzee Pankrasi, akaanza kuvuta. Mzee akainuka. Blanketi akaulalia mto wake, akahema kama mtu aliyefika nyumbani. Kwenye mshono likachungulia fungu la manyoya ya rangi ya uji.

Mama aliliona. Akatutazama. Mimi nilikuwa tayari nasafiri na mbwa wangu kwenda Mishamo.

"Mama Deo," Mzee Pankrasi akasema huku akijishika kiuno, "mimi nikikaa kwenye sala huwa naondoka nimepinda. Leo sisikii maumivu. Sufi hii umeitoa wapi?"

Mama akainua macho. Mbele yake kulikuwa na jumuiya nzima, na msalaba ukutani.

"Ni ya kwetu Mpimbwe, Mzee."

"Basi nishonee na mimi. Miwili."

Wageni walipoondoka, mama akaja na chanuo mkononi. Tukafumba macho. Akaniwekea kiganjani.

"Kesho mchaneni vizuri. Nikikuta mmepoteza unyoya, hata mmoja, nyie ndio mtakwenda Mishamo."

Sijui kama aliuungama ule uongo.

Siku hizi ninaishi Mpanda mjini. Binti yangu ana mbwa wa manyoya, ana brashi maalumu iliyoagizwa kwa simu, ana mashine ya kunyonya manyoya kwenye zulia, na yote yanaishia kwenye pipa la taka. Kila akichana anajirekodi. Mbwa anapendeza, siwezi kukataa. Lakini atakapokufa, mwanangu atabaki na video.

Blanketi alizeeka kwetu, akafia penye kivuli cha banda la tumbaku. Mto wake uko kwa mama mpaka leo, umebadilishwa foronya sijui mara ngapi. Mvua ya kwanza ikinyesha, unyevu ukiuingia, nyumba nzima inanuka mbwa aliyelowa. Binti yangu anakimbilia nje kwa kuziba pua. Mama anaupapasa na kusema, "Karudi huyu," na mimi na yeye tunagombania kuukalia.