Poto ya Tatu Katika Mpunga wa Mukecuru

Nimegombana na watu wengi maishani na wala sijuti, lakini sijawahi kugombana na mtu kwa moyo wote kama nilivyogombana na rafiki yangu wa Bukavu juu ya mahali pa kusimika miti mitatu. Miti ya mikaratusi, ya kawaida kabisa, kila mmoja umefungwa gunia la mbolea juu, limechanwa vipande vipande ili lionekane kwa mbali. Sisi tunaiita poto. Avioni zetu, ndege ndogo za kuchezea, zinaizunguka. Ni za povu, urefu wa mkono, zina mota ndogo na bateri, na wewe unasimama chini na rimoti. Unazunguka mara kumi, daima kwa kushoto, na ukipita ndani ya poto badala ya nje, unaurudia mzunguko. Basi, mchezo ni huo. Anayesema ni mchezo wa batoto aje tumpe rimoti, tuone.

Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha saruji, upande wa Muganza. Zamu ya asubuhi ikiisha naoga vumbi, nakula, naenda shambani kwa mume wangu. Yeye analima mpunga hapa kwenye tambarare ya Bugarama, na akishavuna, shamba linabaki kavu na tupu, linaniita. Kwenye ofisi ya sekta tuliomba ruhusa tukapewa, mradi tukae mbali na barabara ya malori. Mume wangu naye alitoa ruhusa yake kwa sharti moja, kwamba nisimlazimishe kutazama.

Rafiki yangu anauza vitenge. Anavuka mpaka kwenye daraja la Rusizi ya Pili na avioni yake imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga, kisha anateremka mpaka kwetu kwenye joto. Ananiita Maman, namwita Papa, na adabu yetu inaishia hapo.

"Maman, hii pisti yako iko sawa na sahani," aliniambia siku ya kwanza, akionyesha njia yetu ya mbio. "Inazunguka, inazunguka, mutu anasinzia."

Alisema kweli, ndiyo maana nilikasirika. Nilikuwa nimezipa poto zote tatu umbali sawa, nikaona pembetatu yangu ni nzuri kama imechorwa na rula. Lakini avioni haijanyooka vizuri, imeshafika kona nyingine. Kukimbia je, itakimbia saa ngapi? Nikaisogeza poto moja mbali, tukapata njia ndefu ya kukata upepo. Sasa kona ya mbali ikawa upande wa jua la alasiri, na kila tukifika pale sote tunakunja uso kama tumeng'ata ndimu. Nikaigeuza pisti nzima ili jua litupige mgongoni. Upepo nao ukaja na kesi yake. Huku kwetu alasiri unapanda kutoka bondeni, na ukiukuta unakusukuma kwenye kona, avioni inapitiliza inaenda zake. Nikageuza tena ili upepo uje ubavuni. Mume wangu akaniuliza kama nasimika poto au natafuta kibla.

Mwishowe niliipata. Poto mbili za karibu zilikaribiana, ya tatu ilikuwa mbali kule mwisho wa shamba, jua nyuma yetu, upepo ubavuni, na hakuna avioni inayopita juu ya kichwa cha mtu. Ilikuwa safi, na nilijua ni safi. Usiku ule nililala nikicheka peke yangu, mume wangu akahama kitanda kidogo.

Jumapili, baada ya misa, Papa akafika. Tukaenda shambani. Poto ya tatu haipo.

Wee! Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa moto. Tundu lake lilikuwepo, limebaki wazi kama jino lililong'olewa. Nikaangaza macho huku na huku, nikaiona. Ilikuwa ng'ambo ya mfereji, imesimama katikati ya shamba la jirani yetu, Mukecuru, kama tunavyomwita hapa kila mama aliyekula chumvi nyingi. Nikashika tuta, nikaenda mbio, maneno yote nimeshayapanga mdomoni.

Mukecuru alikuwa amekaa chini ya mwavuli, na ushungi wake mweupe, ameshika kopo la mawe. Kabla sijafungua mdomo, akanishika mikono yote miwili.

"Mwana wanjye, urakoze cyane," akasema. Mwanangu, asante sana. Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa, inatoka kama ya mtu aliyelala kilioni. "Umeniachia ile muti yako. Mungu akubariki."

Nikaona sina kesi. Maana huku kwetu ndivyo tunavyoishi: ukishavuna, vitu vyako vya kufukuzia ndege, magunia, makopo, kamba, ni vya jirani ambaye mpunga wake bado uko shambani. Haombi. Anachukua, na msimu mwingine unachukua kwake. Mukecuru aliona mti wenye gunia ndani ya shamba lililovunwa. Ni nani angefikiri kwamba mtu mzima na akili zake amesimika mti wa namna ile kwa ajili ya kitu kingine?

Na yeye alikuwa wa mwisho. Aliugua wakati wa kupandikiza, akachelewa, sasa watu wote wamevuna na mpunga wake peke yake ndio umebaki umesimama unaiva. Ndege wote wa tambarare walikuwa wamehamia kwake. Wale wadogo wadogo, wanakuja kama wingu, wakitua unasikia mashuke yanapasuka. Alikuwa amepiga kelele tangu alfajiri mpaka magharibi, siku baada ya siku. Mpunga ule ndio chakula chake na cha wajukuu anaowalea.

"Poto inasaidia?" nikamuuliza.

"Siku ya kwanza baliogopa," akasema. "Sasa angalia."

Nikaangalia. Juu ya poto yangu, ile niliyoitafutia jua na upepo, ndege walikuwa wamekaa wamejaa, wanajipangusa midomo. Nilicheka, na huku nikicheka nilimwonea huruma.

Papa alikuwa amenifuata. Alirudi upande wetu, akaichukua avioni yake, akairusha. Ikapita poto mbili, ikavuka mfereji, ikaenda moja kwa moja kwa Mukecuru, ikaizunguka poto ya tatu pale pale ilipo.

Ndege wakaruka wote. Shamba zima lilinyanyuka. Mukecuru akaachia kopo, akapiga makofi, akacheka bila sauti.

"Maman," Papa akaniita kwa mbali, "ile poto tuiache palepale!"

"Pale jua litatupiga machoni!" nikajibu. "Na kona ni mbaya!"

"Njo vile. Tutafunga jicho moja."

Basi pisti ikawa ile. Pembetatu iliyopinda, kona moja imebana, nyingine pana kama ya lori, na njia ndefu inapita juu ya mpunga. Ukiniuliza kama fundi, nitakuambia ni takataka. Lakini tulirusha kila alasiri. Siku Papa alipokuwa kwenye vitenge vyake, nilirusha peke yangu, na hata mume wangu alianza kutazama, halafu akashika rimoti, halafu ikawa shida kumnyang'anya. Tuliweka sheria moja mpya: avioni ikianguka kwenye mpunga, inabaki hapo mpaka mavuno. Hakuna kukanyaga. Sauti ya Mukecuru ilirudi kidogo kidogo, na akaitumia kutukosoa.

Jumapili ya mwisho kabla ya kuvuna tukafanya shindano la kweli. Papa alikuwa mbele yangu kidogo, kisha mimi mbele yake kidogo. Tulifika mzunguko wa mwisho bawa kwa bawa, na nilijua kwamba kwenye ile kona iliyobana ninamla. Hapo hapo Mukecuru akasimama.

"Kule! Kule kwa mufereji!"

Wingu la ndege lilikuwa limetua kwenye pembe ya nyuma ya shamba, mbali na njia yetu. Sikufikiri. Niliiacha poto, nikaipeleka avioni kwenye ile pembe, ndege wakaruka, na Papa akabaki na njia nyeupe mpaka mwisho. Nikasubiri anicheke. Badala yake nikasikia mota ya pili inakuja. Naye alikuwa ameacha. Tukawafukuza pamoja mpaka bateri zikaisha, tukashusha avioni zetu kwenye shamba letu. Hakuna aliyeshinda. Wiki ile Mukecuru alivuna, nasi tukamsaidia kubeba magunia.

Msimu uliofuata alikuwa mzima, alipanda na wenzake, akavuna na wenzake. Shamba letu likawa tupu tena, nikaipata pisti yangu ya ndoto: jua nyuma, upepo ubavuni, poto ya tatu mwisho kabisa wa shamba. Papa akarusha. Alizunguka mara mbili tu, akashuka, akakaa juu ya tuta.

"Haya, sema," nikamwambia. "Ina kosa gani?"

"Haina kosa, Maman. Iko muzuri sana." Akajikuna shingo. "Lakini inazunguka bure."

Nilitaka kumgombeza. Alisema kweli tena. Nikaenda mwisho wa shamba, nikaing'oa ile poto ya tatu, nikaiweka begani, tukafuata mfereji sote wawili, tukiuliza watu ni nani mwaka huu amechelewa kuvuna.