Saa Tatu ya Wapi?

Mwaka ule nilikuwa msaidizi katika maabara ya kemia mjini Butembo, nikitafuta nafasi ya kusomea udongo ng'ambo. Mama yangu analima kakao Mangina, na tangu utotoni nilitaka kujua kwa nini upande mmoja wa shamba lake unazaa na mwingine unakataa. Chuo nilichokipenda kilikuwa na fomu ndefu, na katika fomu hiyo palikuwa na neno juu ya mtihani mkubwa wa hesabu na Kiingereza, ule unaofanywa kwenye kompyuta huku mtu wa mbali akikuchungulia kwa kamera.

Nilikuwa nimeuahirisha mara mbili, kila mara nikijidanganya kwamba bado sijaiva. Profesa wangu alichoka nami. Akanikalisha ofisini kwake, akafungua vidole.

"Ukianguka, utangoja wiki tatu mbele ya kurudilia. Matokeo inakamata wiki mbili. Donc, ufanye wiki tano mbele ya tarehe ya mwisho ya fomu. Ongeza wiki moja ya Congo."

"Wiki ya Congo ni ya nini, Prof?"

"Utaiona."

Nikachagua siku, wiki sita kamili kabla ya tarehe ya mwisho. Jioni ya kuamkia siku ile, ikatangazwa kwamba kesho kuna mgomo, mji umekufa: hakuna duka kufunguliwa, hakuna pikipiki kubeba mtu. Nyumbani kwangu Vulamba hapakuwa na umeme wa kuaminika, na cybercafé niliyoitegemea ilikuwa upande wa pili wa mji. Wiki ya Congo ikaliwa hivyo, yote. Niliandikisha tarehe mpya, wiki moja baadaye, na safari hii nikaamua kwenda Beni.

Huko Beni, katika mtaa wa Ruwenzori, kuna mfanyabiashara Mwislamu ambaye alisoma na marehemu baba yangu shule ya msingi. Sisi sote tunamwita Hadji. Magari yake yanaleta matairi kutoka Kampala, na kwenye depo yake ya kuyahifadhi ana sola na internet isiyokatika. Akanipa chumba kidogo nyuma, katikati ya matairi, meza moja na kiti kimoja. Mama naye aliteremka kutoka Mangina ili aombe pamoja nami. Nilimweleza kwamba mtu yeyote asiingie. Akasema amesikia.

Asubuhi nilifika mapema, nikifurahia saa nzima iliyobaki. Hadji alikuwa anakunywa chai chini ya saa zake mbili za ukutani.

"Mutihani ni saa ngapi, mwanangu?"

"Saa tatu, Hadji."

"Saa tatu ya hapa ao saa tatu ya Kampala?"

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka. Kompyuta yangu niliinunua ikiwa imeshatumika Kampala, na saa yake sikuibadilisha kamwe. Nilizoea tu kupunguza saa moja kichwani. Siku ya kuandikisha tarehe mpya, kichwa kilisahau kupunguza. Nikatazama ukuta. Saa ya hapa ilisema saa mbili na dakika nane. Ile ya Kampala ilisema saa tatu na dakika nane: mtihani ulikuwa umeshaanza.

Nilikimbia kati ya matairi kama mwizi. Msimamizi wa kwenye kamera, mwanaume mwenye sauti ya upole, alinikubalia kwa dakika zilizobaki kabla ya mlango wao kufungwa. Akaniamuru nionyeshe masikio yote mawili, kisha meza juu na chini, kisha chumba chote. Alipoona matairi akauliza kuna nini ndani yake. Nikamjibu kwa Kiingereza changu chote: "Hewa." Akaniruhusu kuanza.

Hesabu zilikwenda vizuri mno. Nilikuwa katikati ya sehemu ya pili, nimeshaanza kujipenda, mlango ukafunguka. Mama aliingia na kikombe cha uji.

"Mama, hapana! Toka!"

"Utafanya akili namna gani na tumbo bule, bila kula?" Akaweka uji kando ya kompyuta, akainama, akaona uso kwenye kioo. "Ni mwalimu ule? Jambo, mwalimu. Tunakuachia mutoto."

Kioo kikawa cheupe, yakatokea maneno machache kwamba mtihani wangu umefutwa. Nililia. Mama naye akalia. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kufanya, niliunywa ule uji.

Profesa aliposikia hakugomba. Alihesabu tena vidole kwenye simu: wiki tatu za kungoja, mbili za matokeo. Zilitosha, bila siku moja ya ziada.

Mara ya pili nilirekebisha saa ya kompyuta mbele ya Hadji, akiwa shahidi. Mama akaweka kiti nje ya mlango, akakalia. Katikati ya mtihani nilisikia sauti ya Hadji.

"Mama, kuna kiliya anataka tairi."

"Mutu haingie."

"Mais depo ni yangu!"

"Najua. Utaingia kisha."

Mteja alingoja mpaka nikatoka. Matokeo yalifika siku ya mwisho yenyewe: hesabu juu sana, Kiingereza cha kujikongoja. Nikayatuma na fomu asubuhi ileile.

Baada ya miezi kadhaa chuo kiliniandikia. Nimepokelewa. Chini kabisa waliongeza kwa adabu kwamba siku hizi idara yao haidai tena mtihani ule, na kwamba alama zangu hawakuzifungua. Nilisoma nimesimama kwenye lango la maabara, nikacheka mpaka machozi, na mlinzi akaja kuniuliza taratibu kama nimefiwa.

Jumamosi nilipanda gari kwenda Mangina kumweleza mama. Alikuwa amepiga magoti kwenye turubai, akigeuza kakao juani.

"Balikuitikia bila kuangalia alama?"

"Ndiyo, mama."

Akachomoa jani kavu katikati ya kakao.

"Ni bantu bazuri," akasema, akasogea upande wa pili wa turubai kuendelea.